Ubongo na Majani Chai: Utafiti wa Uzamifu katika Sayansi ya Neva kwa Mwanafunzi wa Boito

Sayansi ya neva huchunguza ubongo, uti wa mgongo na neva zinazotoka humo kwenda kila pembe ya mwili: jinsi zilivyoumbika, jinsi zinavyopashana habari, na yanayompata mtu zinapodhurika. Ubongo wa mtu mzima kwa kawaida haufiki kilo moja na nusu, lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na Suzana Herculano-Houzel na wenzake nchini Brazil iliukuta una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kumilikiwa na idara moja ya chuo. Mwanaanatomia hukikata na kukipima, mwanakemia husaka vimeng'enya vyake, mwanasaikolojia humpa mtoto mafumbo na kuhesabu makosa, naye mtaalamu wa takwimu hutafuta ugonjwa umejikusanya katika vijiji gani. Ndiyo sababu anayetaka kusomea ubongo katika Afrika Mashariki hukuta shahada yake imeandikwa jina jingine: anatomia ya binadamu, fiziolojia, biokemia, saikolojia, afya ya umma, hata sayansi ya wadudu.

Wengi huvunjwa moyo na hali hiyo. Mhitimu mwenye shahada ya kwanza ya biolojia hupitia orodha za kozi akitafuta maneno "sayansi ya neva", akiyakosa huamua kwamba fani hiyo iko ng'ambo tu, penye mashine za kupiga picha za ubongo na maabara za mabilioni. Uamuzi huo una kosa. Mwanafunzi wa uzamifu anafundwa na swali lake na msimamizi wake kuliko anavyofundwa na jina la kozi. Maswali mazito ya ubongo yapo nyumbani, na Boito ni mfano unaofaa kuangaliwa kwa karibu.

Boito ni wadi ya eneo bunge la Konoin katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, kwenye miinuko ya chai inayoungana na Kericho. Wenyeji wengi ni Wakipsigis, na wengi wao ni wakulima wadogo wanaochuma majani mawili na kichipukizi na kuyapeleka katika kituo cha kununulia kabla hayajanyauka. Elimu ya juu haiko mbali. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, Bomet pana chuo kilichoanza kama kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na Egerton kiko Njoro. Kericho ndipo palipo na kituo cha taifa cha utafiti wa chai, ambacho kiliwekwa chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO.

Katika kituo hicho ndipo ilipotoka aina ya chai TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Majani yake ni ya zambarau kwa sababu yana anthosianini nyingi, rangi ile ile ya asili inayopatikana katika zabibu nyeusi. Watu wa kilimo waliiona kama bidhaa mpya ya soko. Watafiti wa biokemia waliona jambo jingine. Anthosianini huzuia uharibifu unaofanywa na oksijeni kali ndani ya seli, na ubongo, kwa kuwa unatumia oksijeni nyingi kuliko uzito wake unavyostahili, huumia kwa urahisi. Lakini ubongo una ulinzi wake: kuta za mishipa midogo ya damu inayoulisha zimebanana kiasi kwamba kemikali nyingi zinazozunguka katika damu hazipiti. Dawa nyingi nzuri zimekwama katika kizuizi hicho. Je, rangi ya chai ya zambarau inapita?

Khalid Rashid, Francis Wachira na wenzao walilijibu swali hilo kwa panya na kuchapisha matokeo mwaka 2014 katika jarida la Nutritional Neuroscience. Waliichuja anthosianini kutoka katika majani ya Kenya, wakawalisha panya, kisha wakachunguza ubongo wao. Mabaki ya anthosianini yalionekana ndani ya ubongo, na kiwango cha glutathioni, kinga ya seli dhidi ya oksijeni kali, kilipanda. Hapo ndipo penye funzo kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa utafiti: panya waliopewa anthosianini pamoja na koenzaimu Q10, kirutubisho kingine kinachosifiwa kwa kazi hiyo hiyo, nafuu hiyo kwao ilipungua. Vitu viwili vyema vilipokutana vilidhuriana. Mtafiti aliyeegemea matumaini asingetarajia hilo, wala asingeligundua kama asingeweka kundi la panya waliopewa vyote viwili. Jaribio lilihitaji panya, mashine ya kutenganisha kemikali na subira. Halikuhitaji picha hata moja ya ubongo wa binadamu.

Ni muhimu pia kusema jaribio hilo halisemi nini. Halisemi kwamba kikombe cha chai ya zambarau kinamkinga mzee na usahaulifu. Panya si mzee, na dondoo iliyochujwa si chai ya birika. Mwanafunzi anayetoka eneo la chai, ambako bei ya majani ni habari ya kila nyumba, atasukumwa na watu wema kulikuza jambo hili kuliko ushahidi unavyoruhusu. Kazi ya tasnifu ni kukataa msukumo huo kwa heshima.

Chai ya kawaida nayo ina la kumwambia mchunguzi wa neva. Kadiri mtu anavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kuzipa seli ishara ya kupoa, ndio usingizi unaomnyemelea jioni. Kafeini ina umbo linalofanana nayo kiasi cha kuweza kukaa katika vipokezi vyake bila kutoa ishara ile. Mlango umezibwa, uchovu upo lakini hausikiki. Hayo yanafahamika vizuri duniani na mwanafunzi hana haja ya kuyarudia. Swali lililo jipya kwa Boito liko katika sehemu nyingine ya kikombe.

Katika nyumba nyingi za eneo la chai, mtoto huonjeshwa chai ya maziwa akiwa bado mdogo sana, na mara nyingi kikombe hufuatana na chakula. Polifenoli za chai hushikamana na madini ya chuma yanayotoka katika mboga, maharagwe na nafaka, na chai ikinywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma ambacho utumbo ungekifyonza. Chuma kinajulikana kwa kutengeneza damu. Kisichojulikana sana nje ya fani ni kwamba ubongo unaokua unakihitaji kutengeneza dopamini na mielini, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva ili ishara zipite kwa kasi. Mwaka 1998 Manuel Roncagliolo na wenzake nchini Chile walionyesha kwamba kwa watoto wachanga wenye upungufu wa damu uliotokana na ukosefu wa chuma, ishara ya sauti ilichukua muda mrefu zaidi kusafiri kutoka neva ya sikio kupanda shina la ubongo. Walipotibiwa, damu yao ilirekebika, ucheleweshaji ulibaki.

Kipimo chenyewe ni cha kustaajabisha kwa wepesi wake. Mtoto aliyelala hubandikwa elektrodi tatu hivi, utosini na nyuma ya masikio, kisha sauti fupi za mgoto hupelekwa sikioni mara mia kadhaa, hata elfu. Kompyuta hujumlisha majibu yote mpaka kelele za misuli zifutike, na kwenye skrini hubaki mawimbi madogo matano yaliyofuatana ndani ya milisekunde kumi. Wimbi la kwanza hutoka katika neva ya sikio, la tano katika sehemu ya juu ya shina la ubongo, na muda kati ya hayo mawili ndio kipimo cha kasi ya njia. Mashine hiyo hutumika hospitalini kupima usikivu wa watoto wachanga na hubebeka. Mwanafunzi anaweza kuifikisha katika zahanati ya Boito, akalinganisha watoto wanaopewa chai pamoja na mlo na wanaopewa kando ya mlo, akapima damu yao na kasi ya neva zao. Hiyo ni tasnifu kamili ya sayansi ya neva, na jibu lake lina manufaa kwa kila mama wa Konoin, liwe ndiyo au hapana.

Swali la pili la eneo hili ni malaria. Miinuko ya chai ilisifiwa kwa muda mrefu kuwa na baridi isiyompendeza mbu, na kwa sababu hiyo watu wake hawana kinga waliyonayo watu wa pwani au wa kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1998 Malakooti, Biomndo na Shanks waliripoti kurudi kwa mikurupuko ya malaria katika mashamba ya chai ya Brooke Bond kule Kericho. Takwimu za huko zilikuja kugombaniwa na wataalamu wa dunia. Simon Hay na wenzake waliandika mwaka 2002 katika Nature kwamba hali ya hewa ya maeneo hayo haikuwa imebadilika kiasi cha kuieleza mikurupuko. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walizipitia upya kumbukumbu za joto na kuona ongezeko. Mabishano hayo yalihusu mbu na joto. Ubongo haukutajwa sana, ingawa ndio unaobeba deni la malaria kali.

Deni hilo lilipimwa mahali pengine. Katika kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust kule Kilifi pwani, kilichoanzishwa mwaka 1989, Charles Newton na wenzake walitumia miaka mingi kufuatilia watoto waliopoteza fahamu kwa malaria. Uchunguzi uliochapishwa na Julie Carter na wenzake mwaka 2005 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo akiwa na udhaifu wa kudumu katika lugha, kumbukumbu, mwendo au tabia, au akiwa na kifafa. Kampala nako, katika Hospitali ya Mulago, kundi la Chandy John na Michael Boivin lilipata sehemu inayokaribiana na hiyo, robo ya watoto, miaka miwili baada ya ugonjwa. Mganda Paul Bangirana, aliyepata uzamifu wake kwa mpango wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, alikwenda hatua ya mbele: alijaribu mazoezi ya kompyuta ya kurudisha umakini na kumbukumbu kwa watoto hao. Mtoto aliyekuwa mgonjwa Kericho katika mikurupuko ya miaka ya 1990 leo ni mtu mzima, pengine anachuma chai, pengine aliacha shule bila mwalimu wake kujua sababu.

Kilifi inafundisha pia kwamba kipimo cha akili hakisafirishwi kama mzigo. Mtoto akionyeshwa picha ya kitu ambacho hajakiona maishani akakosa jina lake, hakuna lolote lililopimwa kuhusu ubongo wake. Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao walitengeneza kipimo cha maendeleo ya mtoto wa miezi 6 hadi 35 kinachotumia vitu na matendo ambayo mtoto wa pale anayajua, kikachapishwa mwaka 2008. Abubakar alipata uzamifu wake katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, kwa kazi iliyofanyika Kilifi, kisha akawa profesa nchini. Mwanafunzi wa Boito hawezi kukichukua kipimo hicho hivi hivi na kukitumia kwa watoto wanaozungumza Kikipsigis na wanaocheza michezo mingine. Atalazimika kukitafsiri, kukirudisha kwa mtafsiri mwingine, kukijaribu kwa watoto wazima wa afya na kukadiria viwango upya. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa ya maandalizi tu. Wanakosea; bila hiyo hakuna namba ya kuaminiwa, na mara nyingi inastahili kuwa sura nzima ya tasnifu.

Lugha ina uzito wake hata katika jina la ugonjwa. Neno "degedege" katika kamusi za Kiswahili ni nondo na pia ni mtukutiko wa mtoto, na katika sehemu nyingi za pwani mzazi aliyeamini kwamba mwanawe amepitiwa na kitu chenye mabawa alimpeleka kwa mganga kabla ya hospitali. Mtafiti anayeuliza "mtoto wako amewahi kuugua kifafa?" na mtafiti anayeuliza juu ya mtukutiko kwa maneno ya nyumbani hupata majibu mawili tofauti kutoka kwa mama yule yule. Uchunguzi mkubwa wa kifafa uliofanywa katika maeneo ya nchi kadhaa za Afrika, yaani Kilifi, Ifakara, Iganga na Mayuge, Agincourt na Kintampo, ambao Anthony Ngugi na wenzake waliuchapisha mwaka 2013 katika The Lancet Neurology, ulilazimika kupita nyumba kwa nyumba kwa hatua tatu ili kuwapata wagonjwa ambao familia haziwataji.

Njia nyingine za kuingia katika fani hii hazimgusi binadamu kabisa. Kituo cha wadudu cha icipe jijini Nairobi, kilichoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimekuwa kikipokea wanafunzi wa uzamifu kutoka Afrika nzima kupitia mpango ulioanza mwaka 1983. Huko mwanafunzi hukata kipapasio cha mbung'o chini ya darubini, akakishikiza kati ya elektrodi mbili za kioo zenye maji ya chumvi, akakipulizia hewa yenye harufu. Neva za kipapasio zikiitambua harufu, mstari kwenye skrini huzama ghafla kisha hupanda polepole. Ni umeme wa sehemu za elfu za volti, lakini ni neva inayosema. Kwa kusikiliza neva za namna hiyo, watafiti walitambua kemikali za mwili wa kuro, mnyama ambaye mbung'o humwepuka, wakazitia katika kola za ng'ombe.

Fuko wasio na manyoya wa maeneo makavu ya Kenya nao wana historia ya aina hiyo. Jennifer Jarvis aliwachunguza akiwa mwanafunzi wa uzamifu mjini Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1981 alitangaza katika jarida la Science kwamba wanaishi kama nyuki, chini ya malkia mmoja. Titus Kanui wa Kenya, aliyejitolea kwa fiziolojia ya maumivu, alichapisha pamoja na Kjell Hole mwaka 1990 kwamba mofini iliwafanya fuko hao wawe wakali badala ya kuwatuliza maumivu. Mnyama wa vichaka vyetu akawa dirisha la swali la maumivu ambalo maabara za dunia nzima zinalihangaikia.

Kwa asiye na maabara kubwa yupo nzi wa matunda. Kuanzia mwaka 2011 shirika la TReND, lililoanzishwa na Lucia Prieto-Godino, Sadiq Yusuf na Tom Baden, lilifundisha wanafunzi wa Afrika kutumia nzi huyo katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, tawi la Ishaka, magharibi mwa Uganda. Nzi hufugwa kwa chupa na uji wa mahindi wenye sukari na hamira. Takriban robo tatu ya jeni zinazohusika na magonjwa ya binadamu zina zinazolingana nazo katika nzi, na mwaka 2024 ramani kamili ya ubongo wa nzi jike, seli 139,255 na miunganiko yake, iliwekwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi wa Kabianga anaweza kuifungua asubuhi hii.

Utaratibu wa shahada yenyewe unaelezeka kwa ufupi. Uzamili huchukua miaka miwili na uzamifu si chini ya mitatu. Pendekezo hutetewa mbele ya idara, huidhinishwa na kamati ya maadili, kisha mtafiti hupata leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 inamtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Masharti hayo ni ya haki. Kinachokwamisha wengi ni usimamizi. Swali la chai, chuma na neva linamhitaji mwanabiokemia, daktari wa watoto na mtu anayejua kusoma mawimbi ya neva, na watu hao watatu ni nadra kukaa katika idara moja, mara nyingine hata katika chuo kimoja. Mwanafunzi akiachiwa msimamizi mmoja, swali lake hupunguzwa mpaka lilingane na ujuzi wa huyo mmoja, na ubongo hutoweka katika tasnifu kabla haijaandikwa.

Usimamizi wa pamoja umethibitika kuwezekana. Mradi wa jenetiki za magonjwa ya akili, NeuroGAP, uliunganisha Moi huko Eldoret, Kilifi, Makerere, Addis Ababa na Cape Town, na watafiti vijana wa vyuo hivyo wakafunzwa pamoja. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimeanzisha Nairobi taasisi ya ubongo na akili. Eneo la chai lina kituo cha utafiti wa chai, hospitali zenye kumbukumbu za miongo mingi, na vyuo viwili vya umma vilivyo kwenye ardhi yake. Kabianga, Bomet, Egerton na kituo cha Kericho viandikiane makubaliano ya kusimamia wanafunzi wa neva kwa pamoja, na mwanafunzi wa kwanza aanzie Boito.